Jumatano yangu imeingia kwenye daftari la maziwa

Kwako Mshauri,

Nina umri wa miaka 42. Naishi Dagoretti, upande wa Mutuini, kwenye nusu eka ambayo mzee wetu alitugawia kabla hajafariki. Mkulima ni mimi. Mume wangu ameajiriwa kiwandani mjini, hutoka saa kumi na moja u nusu asubuhi na kurudi saa mbili usiku.

Tuna ng'ombe watatu. Wawili ninawakamua: mmoja hutoa lita 14 kwa siku, mwingine 9. Wa tatu nimemkausha, atazaa baada ya wiki sita. Nina kuku wa mayai 60, na vitalu vinane vya sukuma wiki na spinachi. Nepia, nyasi za kulisha ng'ombe, naikata kwenye shamba la kukodi kule chini mtoni. Maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa mtungi. Nakamua saa kumi na moja alfajiri na saa kumi alasiri, na maziwa nayauza kwa majirani na kibanda kimoja, shilingi 60 kwa lita.

Mwezi wa pili akina mama wa hapa walianza kucheza netiboli kwenye uwanja wa shule ya msingi, kila Jumatano kuanzia saa kumi, kwa saa mbili. Mara ya mwisho kushika mpira nilikuwa darasa la nane. Wakaniweka difensi. Siku ile ya kwanza nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani kama mwehu.

Sasa shida. Ili niwahi uwanjani, Jumatano nakamua saa nane u nusu badala ya saa kumi. Mume wangu hupitia daftari la maziwa kila Jumapili, na ameona kwamba Jumatano jioni tunapoteza lita moja na nusu. Aliniambia bila ukali, "Mpira wako unatugharimu." Mama mkwe, ambaye tunapakana ua, amesema mbele ya wageni: "Sisi hatukuwa na Jumatano." Binti yangu wa Gredi ya 8 hupitia njia nyingine akitoka shule asije akaniona na traksuti. Tena mume wangu husema napumzika vya kutosha: chama kila Jumamosi ya pili, kanisa, na televisheni jioni. Lakini kwenye chama mimi ndiye mweka hazina, na mbele ya televisheni ninachagua maharagwe.

Juu ya hayo, sacco yake imekubali kumpa mkopo wa kununua mtamba mwenye mimba. Anataka jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi. Najua ng'ombe wa nne akiingia bandani, mimi sitatoka. Jirani ana kijana anayetafuta kazi, anaomba shilingi 9,000 kwa mwezi, chakula na pa kulala.

Niache mpira? Nikatae ng'ombe? Niajiri kijana? Au nimekuwa mbinafsi tu? Na kwa nini hata nikiwa uwanjani nahisi kama nimeiba kitu?

Mama wa Jumatano

*

Mama wa Jumatano, salamu.

Umeuliza maswali matano kwa pumzi moja, na nikikusoma vizuri, la mpira ndilo jepesi kuliko yote. Una saa mbili kwa wiki ambazo hazizai chochote cha kuandikwa daftarini, na watu wanne, wewe ukiwa mmoja wao, mnajaribu kuzipangia bei. Mume wako amezipata thamani ya shilingi 90. Mama mkwe anaona ni utovu wa adabu, binti yako anaona aibu, na wewe umeziita wizi.

Tuanze na hizo shilingi 90, kwa kuwa hapo hesabu yenyewe ina tobo. Ng'ombe hutengeneza maziwa mchana na usiku, hangoji saa ya kukamuliwa. Wako wawili wanatoa lita 23 kwa saa 24, yaani karibu lita moja kila saa kwa wote wawili. Siku za kawaida, kutoka alfajiri hadi saa kumi alasiri ni saa 11, kwa hiyo jioni utapata kama lita kumi na nusu. Jumatano unakamua muda wa saa tisa na nusu tu ukiwa umepita tangu alfajiri: utapata lita tisa hivi. Ile lita moja na nusu iliyokosekana bado imo kwenye kiwele. Fungua ukurasa wa Alhamisi asubuhi uone kama hutaikuta huko, lita karibu 14 badala ya kumi na mbili na nusu. Mume wako si mwongo, ila anasoma mstari mmoja wa daftari. Lisomeni pamoja, jumlisheni Jumatano jioni na Alhamisi asubuhi kwa wiki nne, na mlinganishe na Jumatatu jioni na Jumanne asubuhi za wiki hizo hizo. Ikiwa pengo bado lipo, basi lipo, na mtalizungumza likiwa na ukubwa wake halisi.

Tahadhari moja. Kukaa saa kumi na nne u nusu bila kukamuliwa ni jambo dogo kwa ng'ombe wa lita 9 au 14. Kwa ng'ombe aliyetoka kuzaa, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa, si dogo. Maziwa huanza kudondoka yenyewe, tundu la chuchu linabaki wazi, na ugonjwa wa kiwele unaingia hapo. Huyo wako wa tatu atafika hali hiyo baada ya wiki sita. Kwa hiyo ratiba ya saa nane u nusu ina mwisho, hata mama mkwe akinyamaza kabisa.

Unaweza kuigeuza: Jumatano ukamue ukirudi, saa kumi na mbili u nusu jioni. Muda unakuwa saa kumi na tatu u nusu mchana na kumi na nusu usiku, karibu sawa na kawaida ila umegeuzwa. Hasara yake iko kwa wateja. Mama anayetaka maziwa ya chai ya saa kumi na moja hatakungoja, atanunua ya pakiti, na akizoea hatarudi. Pia utakamua ukiwa umechoka, kwa taa, na mikono inayotetemeka humfanya ng'ombe azuie maziwa. Kama wateja wako wa jioni ni wachache na wanakujua, waulize kwanza kabla hujaamua.

Njia nyingine ni mkono wa pili. Una binti wa Gredi ya 8, na barua yako haisemi kama anajua kukamua. Ikiwa hajui, mpe majuma mawili akiwa kando yako kabla hujamwachia ng'ombe peke yake, na umwanzishie huyo wa lita 9. Aoshe mikono, apanguse kiwele kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, michirizi ya kwanza aikamulie kwenye kikombe cheusi na kutazama kama kuna vibonge. Afinye chuchu kwa kiganja kizima kuanzia juu, asiivute. Kupanguswa ndiko kunakomfanya ng'ombe aachilie maziwa, na nguvu hiyo haidumu, ni dakika tano hadi saba, kwa hiyo akishaanza asiende kuitikia simu. Akimaliza, achovye chuchu kwenye dawa, kisha amwekee ng'ombe nepia ili abaki amesimama kama nusu saa mpaka matundu yafunge. Watu wengi huruka hatua hii ya mwisho, ng'ombe analala kwenye samadi chuchu zikiwa wazi, halafu wanashangaa kiwele kimevimba.

Ila angalia hapa. Ukimpa binti kazi ya Jumatano ili mama acheze, na kaka yake, kama anaye, au baba yake hajaguswa, unamfundisha jambo ambalo pengine hukukusudia. Huenda ile njia nyingine anayopitia akitoka shule haihusu traksuti tu. Umri huo mtoto huwa anatazama sana mwanamke anaruhusiwa nini. Muulize mkiwa wawili, bila kumsuta.

Sasa niguse neno la mume wako ulilolinukuu, kwamba unapumzika kwenye chama, kanisani na mbele ya televisheni. Wewe mwenyewe umelikanusha mstari uliofuata. Mweka hazina anayekaa na kitabu cha michango mapajani yuko kazini. Televisheni yenye ungo wa maharagwe ni kazi iliyowekewa picha. Muda wa mwanamke wa shambani mara nyingi upo, ila umekatwakatwa kama nepia: dakika kumi ukingoja maji yachemke, robo saa kabla ng'ombe hajamaliza kula. Ukivijumlisha vipande hivyo unaweza kupata saa tatu kwa siku na bado jioni ukawa hoi, kwa sababu hakuna hata kimoja ambacho ungeweza kutoka nacho nje ya geti. Jumatano yako ni kipande kirefu kisichokatika, na uko mahali ambapo hakuna anayekuita "Mama" akitaka kitu. Nadhani hicho ndicho kilichokuchekesha njiani, pengine kuliko mpira wenyewe.

Na hiyo hisia ya wizi? Labda umejiwekea sharti kwamba mtu hupumzika kazi ikiisha. Kiwandani sharti hilo linafanya kazi, king'ora kinalia na mashine inazimwa. Banda la ng'ombe halina king'ora. Samadi uliyoitoa asubuhi, saa sita ipo tena. Ukingoja kazi iishe ndipo upate haki ya kucheza, utangoja mpaka uuze ng'ombe wote.

Mume wako ana upande wake pia. Mtu anayetoka kwake kabla ya mapambazuko na kurudi giza limeingia, na njiani ana foleni ya matatu mara mbili, anaona kwa macho yake sehemu ndogo sana ya siku yako. Anaona daftari. Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021, wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ulikuta wanawake wa Kenya wanatumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Nayo Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inataja kazi ya shamba kwa jina lake kati ya michango ya mwanandoa, pamoja na kulea watoto na kutunza nyumba. Sikupi haya uende kumpiga nayo mezani, mkopo wa sacco haujawahi kujadiliwa vizuri kwa vifungu vya sheria. Nakupa ili ukikaa naye ujue unazungumza kama mtu mwenye hisa.

Badala ya takwimu, jaribuni kuandika siku. Chukueni karatasi mbili, yake na yako, na kwa wiki moja kila mmoja aandike saa kwa saa alikuwa wapi na mikono yake ilikuwa inafanya nini. Jumatano yako uiandike kwa ukweli wote. Umesema saa mbili, lakini kuna kukamua mapema, kutembea kwenda na kurudi, na kuoga. Mimi nakisia saa tatu na ushee. Mpira wake wa Jumamosi, kama anao, au kiti chake cha kuongea na wenzake, nao uingie kwenye karatasi yake. Hatari ya zoezi hili ni kugeuka mashtaka. Mkianza kusema "ona, wewe ulikaa", wekeni kalamu chini.

Kuhusu ng'ombe wa nne, kuna swali ambalo sikulikuta kwenye barua: ni wa nini? Kama ni karo, karo ya nani na inaanza lini? Kama ni kwa sababu mkopo umekubaliwa na inaonekana ni ujinga kuuacha, hilo ni jambo lingine kabisa. Mwulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Halafu mwekee mezani mzigo wenyewe. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anakula kilo 60 hadi 70 za nepia mbichi kwa siku. Hiyo ni mizigo miwili au mitatu ya mgongoni kutoka mtoni, kila siku, juu ya ile unayobeba sasa. Anakunywa lita 60 na zaidi, yaani mitungi mitatu au minne, na siku za kununua maji hiyo ni pesa. Samadi yake ni kilo 25 au 30 za kuzoa. Kukamua ni mara mbili, kila siku ya Mungu. Na shamba la mtoni ni lile lile. Kama nepia ya sasa inawatosha watatu kwa shida, wa nne atakula ya hao wengine, na mwisho mtakuwa na ng'ombe wanne wanaotoa maziwa ya watatu, pamoja na deni.

Kumbuka pia kwamba wa nne kwa namna fulani anakuja hata bila mkopo. Huyo uliyemkausha akizaa, utakuwa na watatu wa kukamua na ndama wa kunywesha kwa ndoo. Majuma mawili ya kwanza usijidanganye kwamba utaenda uwanjani. Ndama anahitaji dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ndani ya saa ya kwanza au mbili, na mama yake anaweza kuanguka kwa upungufu wa kalsiamu katika siku mbili tatu baada ya kuzaa, hasa akiwa ameshazaa mara kadhaa. Waambie wenzako mapema kwamba Jumatano mbili utakosa na ya tatu utarudi. Likizo iliyotangazwa ina tarehe ya kurudi. Ile inayoanza kwa "wiki hii nimebanwa" huwa haina.

Kuna uwezekano mwingine kati ya kukubali na kukataa. Uliza sacco kama mkopo unaweza kuwa mdogo na kazi yake ikabadilishwa: tangi la maji lenye bomba hadi kwenye hori na floti ya kujijaza, na mashine ya kukatakata nyasi. Ng'ombe wa lita 9 anayekosa maji usiku anaweza kuongeza kidogo kwa kupata tu maji muda wote. Mashine itakuwezesha kukata nepia ya siku mbili mara moja. Ile ya akiba uitandaze kivulini, usiirundike, maana ikirundikwa inapata joto na kuoza katikati. Lakini mashine inataka umeme au petroli, inataka kunolewa visu, na inakata vidole kama nyasi. Isiguswe na mtoto. Na sacco inaweza kukataa. Mkopo wa ng'ombe na mkopo wa mashine mara nyingine hupimwa tofauti.

Kijana wa jirani: shilingi 9,000 ni lita 150 za maziwa, au lita tano kila siku, kabla hujamwekea chakula. Kwa ng'ombe wawili wanaokamuliwa ni karibu robo ya yote. Watatu wakiwa wanakamuliwa, hesabu inalegea kidogo. Wanne, huenda akajilipa. Lakini utakuwa umeingiza mtu wa kupikiwa chai saa kumi na mbili, wa kuelekezwa, wa kupewa siku yake ya mapumziko, na akiondoka ghafla kazi yote inakurudia na ng'ombe mmoja zaidi. Wanawake wengi wamegundua kwamba mfanyakazi amewaondolea jembe akawapa sufuria. Unaweza pia kumwomba kazi ya mchana mmoja tu, Jumatano kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili, mara nne au tano kwa mwezi, abebe nepia na asafishe banda. Kukamua bado utahitaji mtu ambaye ng'ombe wanamjua.

Nimemwacha mama mkwe mwisho si kwa kumdharau. "Sisi hatukuwa na Jumatano" ni sentensi nzito, na sidhani yote ni lawama. Wakati wake ng'ombe walichungwa, mtoni watu walikwenda kwa makundi, na kulima kulikuwa na ngwatio, wanawake kumi shambani kwa mmoja leo, kwa mwingine kesho, wakiimba na kusengenya mpaka jua lizame. Siku ya soko ilikuwa ya kuuza na ya kuonana. Hakuna aliyeiita mapumziko, lakini hakuna aliyeshinda peke yake nyuma ya mabati na ng'ombe watatu. Banda la kulishia ndani limetupa maziwa mengi zaidi kwenye ardhi ndogo, na limemfungia mwanamke mlemle alimo ng'ombe. Siku moja mkiwa mnachambua mboga, mwulize alipokuwa na umri wako alicheka na nani. Anaweza kukujibu kwa ukali, au anaweza kukuhadithia mpaka giza liingie. Vyovyote vile, usiutaje mpira siku hiyo.

Kama mwisho wa mwezi utakukuta hujajua, "bado sijajua, nipe mpaka huyu azae" nalo ni jibu, mradi sacco haina tarehe ya kufunga. Uliza tarehe hiyo kesho, ili usije ukabanwa na siku ambayo hata haipo.

Jambo dogo la mwisho, kwa kuwa umesema difensi. Kwenye netiboli ukishika mpira unasimama papo hapo, na kwa mtu wa miaka 42 anayeshinda kwenye gambuti, huko kusimama ghafla ndiko kunakoumiza goti. Usicheze na raba za kukimbilia zenye kisigino kinene, zinapinda pembeni. Kwenye soko la Toi au Gikomba utapata mitumba ya viatu vya uwanjani yenye soli bapa inayoshika. Pasha mwili dakika kumi kabla ya filimbi, hata kama wenzako wanakucheka. Goti likivimba na lisishuke kwa siku tatu, lipeleke hospitali kabla ya Jumatano inayofuata.